Ngome ya Yesu, Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Historia Yake na Matembezi ya Leo

Ngome hii ilijengwa lini, na kwa amri ya nani?

Ujenzi ulianzishwa rasmi tarehe 11 Aprili 1593, na kufikia mwaka 1596 ngome ilikuwa imeshaanza kutumika, ingawa kazi za kuiongeza na kuitengeneza ziliendelea kwa miaka mingi baadaye. Amri ilitoka kwa Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala pia Ureno kwa jina la Philip wa Kwanza. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano mzaliwa wa Milan aliyekuwa msanifu mkuu wa ngome za Wareno upande wa Bahari ya Hindi, akiwa na makao yake Goa, makao makuu ya Wareno nchini India. Hii ni miongoni mwa kazi zake za mwisho, kwa kuwa alifariki mwaka 1596.

Wareno walifika pwani hii mwaka 1498. Kwa nini hawakujenga ngome Mombasa kwa karibu miaka mia moja?

Kwa sababu Mombasa haikuwataka, na wao walikuwa na rafiki karibu. Tangu Vasco da Gama alipopokelewa vizuri Malindi baada ya kuzuiliwa Mombasa, Wareno waliifanya Malindi kuwa kituo chao, nayo Mombasa wakaiendea kwa mashambulizi tu: Francisco de Almeida aliichoma mwaka 1505, na Nuno da Cunha akaiharibu tena mwishoni mwa miaka ya 1520. Kila mara mji ulijengwa upya, na biashara ikarudi.

Kilichowalazimisha kubadili mwenendo ni Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyeteremka pwani katika miaka ya 1580, mara mbili, akakaribishwa na wenyeji waliochoshwa na Wareno. Mwaka 1589 kundi la merikebu za Kireno kutoka Goa lilimkuta kisiwani Mombasa wakati Wazimba, kabila la wapiganaji lililokuwa likitembea kutoka kusini, wamefika ng'ambo ya pili upande wa bara. Mji ulibanwa pande zote mbili na ukaangamia. Baada ya hapo mtawala wa Malindi, mshirika wa Wareno, alikabidhiwa Mombasa, na Wareno wakaamua kwamba bandari hiyo haitaachwa tena bila ya walinzi. Ni vyema mgeni akalikumbuka hilo anapolitazama lango: mizinga ya ngome ilielekezwa baharini kuwazuia Waturuki, na ilielekezwa pia mjini.

Kwa nini ngome ya kivita ikapewa jina la Yesu?

Wareno wa enzi hiyo walisafiri chini ya bendera yenye msalaba na waliuona upanuzi wa dola yao kuwa ni kazi ya dini, hivyo majina ya watakatifu yalitumika kila mahali. Buruji, yaani minara ya kona, nazo zilipewa majina ya namna hiyo: San Filipe, San Alberto, San Matias na San Mateus. Watu wa Mombasa kwa kawaida husema "Ngomeni" tu, na hakuna atakayekosa kukuelewa.

Je, ni kweli kwamba ngome ina umbo la mwanadamu?

Ndiyo. Ikitazamwa kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali, kichwa chake kikielekea baharini na buruji zikiwa mikono na miguu. Wasanifu wa Italia wa karne ya 16 waliamini kwamba uwiano wa mwili wa binadamu ndio kipimo bora cha jengo, na Cairati alilelewa katika fikra hiyo.

Hata hivyo umbo hilo lilikuwa na kazi ya vita, na hapo ndipo ustadi wake ulipo. Buruji zimechomoza nje ya kuta kwa pembe kali, na kila moja inautazama ubavu wa mwenzake, hivyo adui akiukaribia ukuta wowote hupigwa kutoka ubavuni na hapati mahali pa kujibanza. Kwa upande wa nchi kavu lilichimbwa handaki kavu ndani ya mwamba wa matumbawe, na mawe ya kujengea yalikuwa ni matumbawe hayo hayo. Ukisimama ndani ya handaki hilo leo na kutazama juu, utaona kwamba sehemu ya chini ya ukuta haikujengwa kabisa. Ni mwamba uliochongwa, na uashi unaanzia juu yake.

Ngome ilitwaliwa mara ngapi?

Hesabu inayotajwa zaidi ni mara tisa, kati ya mwaka 1631 na 1875. Ajabu ni kwamba katika nyingi ya mara hizo mizinga ilikuwa na sehemu ndogo sana. Njaa, maradhi, hila na fitina za ndani ndizo zilizoifungua milango, na mara nyingi watu wa Mombasa wenyewe ndio walioamua nani aingie na nani atoke. Kwa maoni yetu, mtu anayeiita ngome hii "ya Wareno" na kuishia hapo amesoma ukurasa wa kwanza peke yake.

Nini kilitokea mwaka 1631?

Mtawala wa Mombasa wakati huo alikuwa Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultan Hasan, aligombana na manahodha wa ngome, yaani makamanda wake wa Kireno, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa njama zao. Mtoto alipelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa kutawala kama mfalme Mkristo. Dharau aliyoipata kutoka kwa nahodha wa ngome ilikuwa nzito kuliko ubatizo. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama mtu anayekwenda kuamkia, akamchoma nahodha Pedro Leitão de Gamboa kwa jambia, na wafuasi wake wakaidhibiti ngome. Alirudi katika Uislamu, na Wareno wa mjini wakauawa pamoja na wenyeji Wakristo waliokataa kuiacha dini yao.

Goa ilituma kikosi mwaka 1632, nacho kikashindwa kuingia. Lakini Yusuf alijua kwamba hataweza kuishikilia ngome daima. Mwezi wa Mei alibomoa alivyoweza, akapakia mizinga merikebuni na kuondoka kwenda kuwasumbua Wareno baharini. Wareno walirudi mwezi wa Agosti na kukuta ngome tupu. Maandishi ya Kireno yaliyochongwa juu ya lango kuu ni ya kipindi kilichofuata: yanamtaja Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa nahodha mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, na kuorodhesha miji ya pwani aliyoitiisha. Ni majigambo ya kijana, na pia ni ushahidi kwamba pwani nzima ilikuwa imeshaasi.

Kuzingirwa kwa ngome kati ya 1696 na 1698 kulikuwaje?

Waomani, chini ya Imamu Saif bin Sultan, waliwasili tarehe 13 Machi 1696 na kuizingira ngome hadi tarehe 13 Desemba 1698, yaani miezi thelathini na mitatu. Wasomaji wengi huuliza kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo, na kwa nini Goa, iliyokuwa na merikebu nyingi, haikuweza kuikomboa.

Jibu la kwanza liko katika pepo za misimu, ambazo kila mwanapwani anazijua. Chombo kinachotoka Uhindi kuja Mombasa kinahitaji kaskazi, inayovuma kuanzia karibu na Novemba hadi Machi. Kinachotoka Msumbiji kinahitaji kusi, inayoshika kuanzia Aprili na kuendelea. Kwa hiyo habari za shida zilizofika Goa kwa msimu mmoja zilijibiwa kwa msimu mwingine. Msaada kutoka Goa ulifika Desemba 1696, merikebu zikatokea tena kutoka Msumbiji Septemba 1697, na zile za mwisho zilionekana Desemba 1698. Katikati ya tarehe hizo waliomo ndani hawakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Jibu la pili ni watu wenyewe. Ndani ya ngome, pamoja na askari wachache wa Kireno, walikimbilia Waswahili wa upande wao, wanawake na watoto, hata walinzi wengi zaidi walikuwa watu wa pwani na si wa Ulaya. Tauni iliingia, ikaua bila kuchagua. Nahodha João Rodrigues Leão alifariki Oktoba 1696. Aliyemfuata, António Mogo de Mello, naye akafariki Agosti 1697. Hapo amri ya ngome ikamwangukia Bwana Daud wa Faza, mji wa visiwa vya Lamu, mkuu wa Kiswahili aliyekuja kuwasaidia Wareno kwa sababu Pate, mji jirani na hasimu wa Faza, ilikuwa upande wa Waomani. Kwa wiki kadhaa ngome ya mfalme wa Ureno ilishikiliwa na Mswahili Mwislamu dhidi ya jeshi la Waislamu wa Oman. Kisa hiki ni dawa nzuri kwa anayetaka kuigawa historia ya pwani kwa mstari mmoja wa dini au rangi.

Waomani walipoupanda ukuta hatimaye, ndani walibaki walinzi wachache mno wenye uwezo wa kusimama. Siku chache tu baadaye merikebu za msaada zilifika, zikaiona bendera ya Oman juu ya ngome, zikageuza.

Ni merikebu gani iliyozama mbele ya ngome?

Inaitwa Santo António de Tanná, manowari iliyojengwa Bassein nchini India mwaka 1681 na iliyokuwa miongoni mwa merikebu zilizoleta msaada mwaka 1697. Ilizama Oktoba mwaka huo chini ya kuta za ngome. Wapiga mbizi waliigundua katika miaka ya 1960, na kuanzia 1977 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kushirikiana na wataalamu wa akiolojia ya majini kutoka Texas, walifanya uchimbaji wa misimu kadhaa. Vyombo vya udongo, kaure za Kichina, mabaki ya mizinga na vitu vya matumizi ya mabaharia vilipandishwa juu, na baadhi vinaonyeshwa katika makumbusho ya ngome. Mbao za chombo chenyewe zilipimwa, zikachorwa na kuachwa chini ya mchanga, kwa sababu kuzihifadhi nje ya maji kungekuwa kazi ya gharama kubwa mno.

Je, Wareno walirudi tena?

Walirudi Machi 1728, wakinufaika na ugomvi uliokuwapo Oman, na wakafukuzwa Novemba 1729 na watu wa Mombasa wenyewe. Huo ndio ulikuwa mwisho wao.

Wamazrui walikuwa nani, na wanahusiana vipi na ngome?

Wamazrui ni ukoo wa Kiomani ulioletwa kuiongoza Mombasa kwa niaba ya Oman katika miaka ya 1730. Utawala wa Oman ulipopokonywa na ukoo wa Busaidi katika miaka ya 1740, liwali Muhammad bin Uthman Mazrui alikataa kumtii mtawala mpya. Wauaji walitumwa, wakajifanya wageni, wakamuua ndani ya ngome. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alitoroka kifungoni, akakusanya wafuasi kutoka mjini na bara, akairudisha ngome.

Kwa takriban miaka tisini iliyofuata ngome ilikuwa ikulu ya Wamazrui, na sehemu kubwa ya yale yanayoonekana ndani leo, kuanzia nyumba hadi ukumbi wa mabaraza, ni ya enzi za Waomani na si ya Wareno. Nguvu yao ilitegemea mapatano na Taifa Tisa na Taifa Tatu, yaani jumuiya za wenyeji wa Mombasa, pamoja na Wamijikenda waliokuwa wakiuletea mji chakula na askari. Mwaka 1828 Seyyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo wa Busaidi, alifaulu kuweka kikosi chake ngomeni kwa makubaliano. Mara alipoondoka, Wamazrui waliwafungia askari hao ndani hadi njaa ikawatoa. Mashambulizi mengine mawili yalishindwa. Kilichowaangusha ni mgogoro wa urithi baada ya liwali Salim bin Ahmad kufariki mwaka 1835: mji uligawanyika, baadhi ya wakubwa wakamwita Seyyid Said, na mwaka 1837 ngome ikasalimishwa. Muda si mrefu wakuu wa Wamazrui walikamatwa kwa hila na kusafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi. Waliobaki walihamia Takaungu upande wa kaskazini na Gazi upande wa kusini.

Waingereza waliingiaje?

Mara ya kwanza kwa mlango wa nyuma: mwaka 1824 Wamazrui, wakimwogopa Seyyid Said, walipandisha bendera ya Uingereza, na nahodha William Owen akakubali kuwapa ulinzi ambao serikali yake iliukataa, ukaisha mwaka 1826. Mara ya pili, Januari 1875, akida wa ngome aitwaye Muhammad bin Abdallah alimwasi Sultan Barghash wa Zanzibar, na manowari mbili za Uingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga ngome kwa mizinga hadi akajisalimisha. Kuanzia 1895 serikali ya kikoloni iliifanya gereza, ikabomoa majengo mengi ya ndani na kuweka vyumba vya wafungwa. Kipindi cha gereza kilidumu zaidi ya miaka sitini, na ndicho kinachopewa nafasi ndogo kuliko vyote katika maonyesho; ni upungufu unaosikitisha.

Imekuwaje makumbusho?

Mwaka 1958 wafungwa walihamishwa na ngome ikatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Taasisi ya Calouste Gulbenkian ya Ureno ilitoa fedha za ukarabati, mwanaakiolojia James Kirkman akasimamia uchimbaji, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Leo ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa Turathi ya Dunia, eneo lililolindwa likiwa hekta 2.36 pamoja na handaki. Katika miaka ya karibuni ukuta wa kuzuia mawimbi umejengwa upande wa bahari, kwa kuwa maji yalikuwa yakiula mwamba ambao ngome imesimama juu yake.

Nikiingia ndani, nisikose kuona nini?

Anza na lango lenyewe: njia ya kuingilia ina kona na mpando, na imetengenezwa ili anayeingia kwa nguvu apunguze kasi chini ya macho ya walinzi. Ukishatoka uwanjani, nenda kwenye michoro ya ukutani iliyoachwa na askari na mabaharia wa Kireno. Waliichora kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu zenye matanga, watu, makanisa. Mistari mingine ni ya mkono usiojua kuchora kabisa, na hasa hiyo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ni kazi ya watu waliokuwa wamechoka kusubiri kaskazi.

Ukumbi wa Wamazrui una mabaraza ya mawe na boriti zenye maandishi ya Kiarabu. Hapo ndipo liwali alipokaa na wazee kusikiliza kesi. Nyumba ya Waomani, iliyojengwa juu ya buruji ya San Filipe, ina maonyesho ya mapambo na vyombo vya nyumbani, na kutoka juu yake unaiona vizuri Mji wa Kale. Upo pia mpito uliokatwa ndani ya matumbawe kushuka kuelekea baharini, ambao ulitumika kuingizia watu na mizigo. Misingi ya kanisa la Wareno imebaki uwanjani. Wengi huipita bila kujua ni nini. Chumba cha maonyesho ya vyungu na kaure kitampendeza mwenye subira. Asiye nayo anaweza kukipitia haraka bila hasara kubwa.

Ngome hufunguliwa saa ngapi, na kiingilio ni kiasi gani?

Hufunguliwa kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, zikiwemo sikukuu. Viwango vya kiingilio hutofautiana kwa raia wa Kenya, watu wa Afrika Mashariki na wageni wengine, na watoto hulipa pungufu. Viwango hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo vitazame katika tovuti ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kuondoka. Malipo hufanywa kwa njia ya kielektroniki kupitia eCitizen, na raia atahitaji kitambulisho.

Nitafikaje?

Ngome iko mwisho wa Barabara ya Nkrumah, mahali ambapo Mji wa Kale unaanzia. Kutoka katikati ya mji unaweza kutembea kwa miguu, na tuktuk yoyote itakufikisha. Anayekuja kwa treni kutoka Nairobi huteremka Miritini, nje ya kisiwa, na atahitaji usafiri mwingine hadi mjini. Anayetoka Diani au Ukunda atavuka kwa feri ya Likoni. Asubuhi na jioni foleni huwa ndefu, hivyo asipange muda kwa kubana.

Ni wakati gani bora, na ziara huchukua muda gani?

Saa mbili zinatosha kwa anayetaka kuona na kusoma. Uwanja wa ndani hauna kivuli cha kutosha, na mawe yakishapata jua la mchana hutoa joto kama tanuri, kwa hiyo njoo mapema asubuhi au baada ya alasiri. Kipindi cha masika, hasa Aprili na Mei, sakafu na ngazi huteleza. Mwishoni mwa muhula makundi ya wanafunzi huwa mengi, na vyumba vidogo hujaa.

Je, nahitaji kiongozi wa watalii?

Si lazima, lakini kwa ziara ya kwanza inafaa, kwa kuwa vibao vya maelezo ni vifupi. Chukua kiongozi mwenye kitambulisho rasmi na mpatane malipo kabla ya kuanza. Muulize kuhusu Bwana Daud na Wamazrui; majibu yake yatakuonyesha upesi kama umempata mjuzi.

Wazee, watoto wadogo na wenye ulemavu wanaweza kuzunguka?

Uwanja wa ndani na baadhi ya vyumba vinafikika, ingawa mpando wa langoni ni mkali na sakafu haiko sawa. Anayetumia kiti cha magurudumu atahitaji msaidizi mwenye nguvu. Juu ya kuta hufikiwa kwa ngazi, na sehemu nyingine kingo ni za chini, kwa hiyo watoto washikwe mkono.

Kuna masharti ya mavazi na picha?

Ndani ya ngome hakuna sharti la mavazi, ila ukitoka utaingia moja kwa moja katika mitaa ya Waislamu wanaoishi hapo, na heshima inataka mabega na magoti yafunikwe. Kupiga picha za kawaida kunaruhusiwa. Upigaji wa kibiashara na matumizi ya droni huhitaji kibali. Mtaani, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa kina mama.

Baada ya ngome, niende wapi?

Ingia Mji wa Kale kwa miguu hadi Msikiti wa Mandhry, miongoni mwa misikiti mikongwe ya Mombasa, kisha Bandari ya Kale ambako majahazi yalikuwa yakitia nanga. Njiani utapata viazi karai, mahamri kwa mbaazi, na kahawa tungu kwa wauzaji wanaobeba delli, yaani birika la kahawa. Siku ya Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa swala ya adhuhuri, na mwezi wa Ramadhani vyakula hupatikana kuanzia magharibi.

Anayetaka kulinganisha ngome hii na nyingine anaweza kwenda Lamu, ambako ngome ilimalizika kujengwa mwaka 1821 kwa msaada wa Seyyid Said, au avuke hadi Unguja kuiona Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno. Zote mbili ni ndogo na nyepesi kuelewa, na ni rahisi zaidi kuzifahamu kwa aliyeanzia Mombasa.